Gunia Lililokuwa Jepesi

Juma lililopita kijana mmoja wa kwetu alikuja kunionyesha jiwe. Alikuwa amelifunga kwenye leso safi, ya mama yake nadhani, na alilifungua polepole juu ya meza yangu utadhani ndani mna kifaranga. Jiwe lilikuwa zuri, jeusi, linang'aa. Akaniuliza, "Papa Anselme, hii iko na bei?" Nikamuuliza swali moja tu: umeliokota kati ya mawe mangapi? Hakuelewa. Nikamuuliza tena: na yale mengine umeyaacha wapi? Akanitazama kama mzee aliyeanza kupotelewa na akili, akafunga leso yake, akaenda zake bila hata kunywa chai.

Basi haya nawaandikia ninyi nyote wenye leso. Nilifanya kazi ya sampuli kwa zaidi ya miaka thelathini, mingi yake kwenye machimbo ya bati huko Walikale. Nimepasua mawe mpaka vidole vyangu viwili havikunjiki. Nimekosea mara nyingi, na mengi ya makosa yale tuliyacheka jioni yake. Lakini moja sijalicheka mpaka leo. Nililifanya nikiwa mwanaume mzima, nimeoa, nina mtoto, na nikidhani kwamba ninaonyesha adabu. Mtu mwingine ndiye aliyefungiwa kwa ajili yake.

Kwanza mjue kazi yenyewe, maana siku hizi kila mwenye nyundo anajiita fundi. Sampuli ni kitu kidogo kinachosema ukweli wa kitu kikubwa. Mlima hauwezi kusafiri kwenda Ulaya ukapimwe, kwa hiyo unapeleka gunia moja. Gunia hilo lazima liwe mlima wenyewe: uzuri wake, ubaya wake, uchafu wake. Unachimba mfereji kwenye ukuta wa mwamba kutoka juu mpaka chini, upana uleule, kina kilekile, na kila kinachoanguka kinapokelewa kwenye turubai chini. Kila kitu, hata vumbi. Kisha unavunjavunja, unachanganya kwa koleo, unarundika kama kichuguu, unakisawazisha kichuguu kwa ubao, unachora msalaba juu yake. Unapata robo nne. Mbili zinazotazamana unazitupa, mbili unabaki nazo. Unachanganya tena, unarundika tena, unagawa tena, mpaka kinachobaki kinaingia kwenye gunia moja. Macho yako hayachagui chochote, na huo ndio ugumu wa kazi, kwa sababu macho yanapenda sana kuchagua.

Aliyenifundisha hayo aliitwa Papa Bauma, mtu wa Muheto, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Alikuwa kapita wetu, yaani msimamizi wa watu wa sampuli, na alikuwa ameijua kazi hiyo kwenye mito ya bati kabla ya vita vya wazungu. Siku yangu ya kwanza nilikaa pembeni mwa turubai nikila kiazi changu kitamu. Alinijia mbio, akaninyang'anya kiazi.

"Wewe, unakulia wapi? Hii haiko meza! Ukiangusha kipande moja tu, wazungu ya Ulaya watasema ku Walikale mawe inazaa viazi."

Halafu akamwaga sampuli yote, kazi ya asubuhi nzima, akatuamuru tuanze upya. Wenzangu walinichukia kwa wiki mbili. Mimi nilimchukia yeye kwa siku tatu, kisha nikaanza kumpenda, kwa sababu hakuwahi kulitaja tena jambo lile.

Siku nyingine mbeba mizigo mmoja alitoka nasi msituni na gunia la mawe kichwani. Njiani alichoka, akayamwaga yote, akatembea mikono mitupu mpaka karibu na barabara, na huko akajaza gunia kwa mawe ya kandokando ya njia. Alipogundulika hakuona hata aibu. "Majiwe ni majiwe," alisema. "Kule kulikuwa majiwe, huku pia iko majiwe. Sababu gani tuyatembeze?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ila tangu siku hiyo kila gunia lilifungwa kwa waya na kupigwa plombi, yaani kipande cha madini ya risasi kinachobanwa kwa koleo dogo la mkono lenye alama. Koleo lile lilikaa kwa Papa Bauma peke yake. Alama yake ikiwa juu ya gunia, yeye ndiye anayejibu kwa kilichomo ndani. Shikeni neno hilo la plombi.

Sasa niwaambie tulikuwa tunatafuta nini. Ilikuwa baada ya vita. Viwanda vya chuma vilikuwa na njaa ya makaa ya mawe, na serikali ya koloni ilikuwa imetenga fedha za uchunguzi. Hazikuwa fedha za kampuni, wala hazikuwa za kuchimba na kuuza. Zilikuwa za kujua tu: je, huku kwetu kuna makaa yanayoweza kuokwa yakawa koki, ile inayoyeyusha chuma? Jibu likiwa zuri, fedha zinaendelea. Jibu likiwa baya, zinakatwa, na kila mtu anarudi kwao. Kambi yetu ilikuwa ng'ambo kidogo ya Kashebere, mahali milima ya Masisi inapoishia na msitu unapoanza. Hapo mto ulikuwa umekata ukingo, na kwenye ukingo ulionekana mkanda mweusi.

Mkuu wa kambi alikuwa mhandisi kijana ambaye tulimwita Bwana Kalamu, kwa kuwa hakuishi bila kalamu nyuma ya sikio, hata akioga mtoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, basi. Aliomba fedha zile mwenyewe kwa barua nyingi, na alikuwa akiutazama ule mkanda mweusi jinsi mtu anavyomtazama mchumba.

Mkanda wenyewe haukuwa makaa matupu. Kulikuwa na makaa yanayong'aa, unene wa vidole vitatu, halafu jiwe la kijivu lililofifia, unene wa kiganja, halafu makaa kidogo, halafu jiwe la kijivu tena. Makaa ni mepesi mkononi, jiwe lile ni zito. Makaa yanawaka, jiwe linabaki majivu.

Siku ya kuchukua sampuli ya kwanza, Papa Bauma aliamka na homa kali. Bwana Kalamu hakutaka kungoja, kwa sababu wabeba mizigo walikuwa wanashuka siku ileile. Aliniita mimi. "Weye Anselme, utafanya. Hii inaenda Ulaya, kwa wakubwa ya serikali. Fanya muzuri sana."

Fanya muzuri sana! Yeye alimaanisha nifuate mfereji. Mimi nikasikia neno "wakubwa."

Ninyi mliozaliwa mjini labda hamjui tena jinsi mama zetu walivyofanya. Mama yangu alipopeleka kikapu cha maharagwe kwa mwami, mtawala wetu, alikaa chini siku nzima akiyachambua juu ya ungo. Yaliyovunjika aliyatoa, yaliyotobolewa na wadudu aliyatoa, vijiwe alivitupa. Kumpelekea mkubwa maharagwe yasiyochambuliwa ni kumtukana mbele ya watu. Mimi nilikua nikiona hivyo, na nilipochuchumaa mbele ya ule mkanda mweusi, mikono yangu ilifanya kama ya mama. Nilikata mfereji vizuri, upana sawa, kina sawa. Halafu nikachambua yaliyoanguka kwenye turubai. Jiwe la kijivu nikalitupa mtoni kipande kwa kipande. Makaa nikayafuta vumbi kwa majani ya mgomba. Lilikuwa gunia zuri kuliko yote niliyowahi kufunga, na nililipeleka kwa Papa Bauma nikiwa na kiburi.

Alikuwa amelala kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Alinyanyuka kwa kiwiko, akalishika gunia kwa mkono mmoja akalivuta karibu, akanitazama kidogo. Wabeba mizigo walikuwa wamesimama uani na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Walikale. Akabana plombi, akalala tena.

Jibu lilirudi baada ya miezi kadhaa. Maabara ya Ulaya ilisema makaa yale ni mazuri, majivu yake ni kidogo sana. Serikali ikaongeza fedha. Bwana Kalamu alichinja ng'ombe aliyenunuliwa kwa wafugaji wa juu Masisi, na kambi nzima ilikula. Barabara ikapanuliwa, watu wakaajiriwa kutoka vijiji vya pande zote mbili, nyumba za mbao zikajengwa, na katikati ya uwanja ikajengwa tanuru la matofali la kujaribia koki. Mke wangu Yustina alipata nyumba yenye mlango wa bawaba. Na mimi nilikuwa nimeanza kuelewa nilichofanya. Sikuelewa kwa ghafla. Nilielewa kidogo kidogo, kila nilipoona toroli likitoka mtoni na mzigo wake: makaa na jiwe la kijivu, na jiwe likiwa jingi. Kila asubuhi nilijiambia nitasema. Kila jioni nyumba ilikuwa na mlango wake wa bawaba na mtoto anacheka ndani.

Alikuja Mkaguzi wa fedha za serikali kutoka Bukavu kushuhudia tanuru likifunguliwa. Mtu mrefu, mkimya, hajui Kiswahili. Tanuru lilikuwa limewaka siku kadhaa likiwa limezibwa kwa udongo, na tulisimama kulizunguka, kambi nzima pamoja na wanawake. Koki nzuri ukiivunja inatoka vipande vigumu, vya rangi ya fedha, na ukivigonga vinalia. Bwana Kalamu mwenyewe alishika kile chuma kirefu akavunja udongo wa mlangoni. Akavuta.

Yalitoka majivu mekundu na vipande vya jiwe lililoungua.

Akavuta tena, akaingiza chuma ndani zaidi, akawa anavuta na kuvuta, jasho linamtiririka na kalamu ikaanguka kutoka sikioni, na hakuna aliyethubutu kuiokota. Ndani mlikuwa na makaa machache yaliyoshikana kama ugali ulioungua, basi. Mkaguzi aliokota kipande cha jiwe, akakigeuza, akakiweka mfukoni.

Alasiri ile alikaa kwenye baraza na karatasi za maabara. Aliuliza swali moja, na Bwana Kalamu akalitafsiri: nani aliyefunga gunia la kwanza? Tulikuwa tumesimama mstari mmoja, watu wa sampuli wote. Papa Bauma alitoka mbele kabla swali halijaisha.

"Plombi iko yangu, Bwana. Njo miye," alisema, yaani ni yeye.

Aliulizwa kama alichagua mawe ili kazi isiishe. Hakujibu. Hakusema kuhusu homa. Bwana Kalamu, aliyenituma mwenyewe, aliinamia karatasi za maabara. Hakunitazama hata kidogo, na mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake nikitazama shingo yake. Naandika hili kwa aibu na sitalipamba: niliogopa fimbo, niliogopa buloko, yaani jela, niliogopa kumpoteza Yustina, nikanyamaza. Askari wakampeleka kwenye ghala la magunia, wakaweka kufuli. Lori lilikuwa linategemewa siku ya tatu, lingemchukua mpaka Masisi, na kudanganya serikali kulikuwa kesi ya miaka.

Kesho yake asubuhi Yustina alinikuta nimekaa nyuma ya nyumba.

"Mama Bauma alipita hapa," alisema. "Hakuniuliza kitu. Aliangalia tu mutoto wetu, kiisha akaenda. Anselme, uko unajua kitu?"

Akampandisha mtoto kiunoni.

"Kama unajua kitu na unanyamaza," alisema, "usikule tena chakula nimepika." Akaingia ndani. Alikuwa na miaka ishirini tu, na sijawahi kuogopa mtu kama nilivyomwogopa wakati ule.

Nilichukua sahani ya viazi na mboga nikaenda ghalani. Askari alikuwa kijana wa Muheto, alijifanya haoni. Kati ya mbao za ukuta kulikuwa na nafasi, na Papa Bauma alikuwa amekaa upande wa pili juu ya magunia matupu.

"Papa," nilisema, "ile gunia…"

"Nilijua tokea siku ile ile."

"Ulijua namna gani?"

"Wakati nilipiga plombi niliivuta na mukono moja. Kichwa ilikuwa na homa, mukono haikuwa na homa. Gunia ilikuwa imejaa, na ilikuwa nyepesi. Nikajua umeacha jiwe."

Nilitaka kuuliza kwa nini alinyamaza, lakini aliendelea mwenyewe, kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na viazi.

"Wabebaji walikuwa wamesimama. Mvua ilikuwa inakuja. Nikasema, kesho nitamuuliza huyu kijana. Kesho homa ikanishinda. Kiisha jibu ikarudi nzuri, watu wakapata kazi, wewe ukapata nyumba. Ningesema nini tena? Makosa iko ya sisi wawili, Anselme. Lakini wewe uko na mutoto mudogo, mimi niko muzee. Enda ku nyumba yako."

Nilisimama na sahani mkononi. Miaka yote hii nimejaribu kukumbuka nilifikiri nini, na sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilipitisha viazi kimoja kimoja kati ya mbao kwa sababu sahani haikupita, na kwamba alivipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mgeni. Nilipomaliza nikaenda barazani.

Mkaguzi alikuwa anakunywa kahawa na Bwana Kalamu. Nilivua kofia nikasema yote, tangu homa mpaka mto. Nilisema kwa Kiswahili, na Bwana Kalamu alikuwa mkalimani. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Maneno yangu yalikuwa yanamuua yeye pia. Mzee mdanganyifu ni jambo dogo, anafungwa, na tanuru linaweza kuombewa fedha tena kwa sampuli nyingine. Lakini nikisema jiwe nililitupa mtoni, basi mkanda wenyewe ni jiwe jingi na makaa kidogo, na uchunguzi umekwisha. Na Mkaguzi hakujua neno hata moja la Kiswahili. Bwana Kalamu angeweza kutafsiri chochote.

Alitazama kikombe chake. Mkaguzi akamwambia kitu kwa Kifaransa, kumhimiza. Nilikuwa najua Kifaransa cha kambini, cha nyundo na koleo, na nilitega masikio yangu yote mawili. Kisha Bwana Kalamu akaanza kusema, polepole, na nikasikia *fièvre*, homa, nikasikia *rivière*, mto. Alikuwa anayasema yote.

Mkaguzi hakuamini. Alidhani nimetumwa na mzee, au nimejitolea kumwokoa. Aliuliza: mtu anayejua kazi anachaguaje mawe bila kuhongwa?

"Bwana," nilisema, "kwetu ukipeleka maharagi kwa mwami, unachagua kwanza. Yenye kuoza unatosha inje, majiwe unatupa. Kama hauchague, ni matusi. Mulisema gunia inaenda kwa wakubwa ya serikali. Nikachagua."

Bwana Kalamu alitafsiri, na alipofika mwisho aliweka mkono juu ya macho yake. "Ni mimi nilimwambia wakubwa," alisema kwa Kiswahili, nadhani kwa nafsi yake.

Tukashuka mtoni wote, na Papa Bauma akatolewa ghalani aje. Mkaguzi aliamuru nifanye mara mbili mbele yake. Nilikata mfereji mmoja nikauchambua, nikatupa jiwe la kijivu, nikafuta makaa kwa majani. Nikakata mfereji wa pili kandokando yake, ingawa nyundo ilinipiga kidole, na safari hii kila kilichoanguka kilibaki. Magunia mawili ya kitambaa kimoja, yakajazwa mpaka mstari uleule. Jua lilikuwa kali na inzi walikuwa wengi, na kidole changu kilikuwa kinatoa damu juu ya turubai, nami nikakiondoa haraka nisiharibu sampuli. Nilimwona Papa Bauma akitazama kidole kile, akatikisa kichwa kidogo tu.

Mkaguzi alivua koti. Alinyanyua gunia la kwanza kwa mkono mmoja bila shida. Alishika la pili kwa mkono uleule, likakataa. Akaongeza mkono wa pili. Kisha akayaweka chini, akamwendea Papa Bauma, akamwashiria anyanyue yeye. Mzee hakuyanyanyua. Aliligusa la kwanza kwa ncha ya kiatu, akasema, "Hii njo ile."

Gunia zito tuligawa robo nne, mara tatu, mimi na Papa Bauma kwa makoleo mawili kama siku zote, na Mkaguzi alipiga plombi ya kwake mwenyewe. Papa Bauma aliachiliwa jioni ile, ila kazi hakurudishiwa, kwa sababu alama yake ilikuwa juu ya uongo hata kama hakuutengeneza yeye. Mimi niliingia ghalani mahali pake. Lori lilinichukua mpaka Masisi, nikafungwa miezi kadhaa kwa uzembe, si miaka kwa udanganyifu, nikifyeka kandokando ya barabara.

Nilikuwa ninafyeka wakati jibu la gunia zito lilipofika. Sikuambiwa na mtu. Niliwaona watu wa kambi wakipita barabarani wakirudi makwao, na vitanda vichwani, na sufuria, na kuku chini ya kwapa. Serikali ilikuwa imekata fedha. Wengine walinijua. Mwanaume mmoja niliyekula naye mwaka mzima alitema mate karibu na miguu yangu. Mke wake, aliyefuata nyuma, aliniwekea ndizi moja juu ya jiwe. Niliila ndizi ile nikilia, na askari akaniacha.

Mlango wangu wa bawaba ulimezwa na majani. Bwana Kalamu alihamishwa, lakini kabla ya kuondoka aliandika barua kwa jamaa yake wa kwenye bati, na kwa barua hiyo nilipata kazi niliyoifanya mpaka uzeeni. Sikuwahi kujua barua ilisema nini. Aliyeisoma aliniambia tu, "Inaonekana wewe hutachagua tena," akanipa nyundo.

Basi wewe kijana wa leso, ukitaka nikuambie bei, rudi ulikolitoa jiwe lako, ukate kutoka juu mpaka chini, uniletee na ubaya wake. Chai itakuwepo.

Nimebakiza jambo moja. Baada ya kutoka kifungoni nilikaa miaka miwili bila kwenda Muheto. Nilikuwa naogopa uso wa yule mzee. Yustina ndiye aliyesema inatosha. Tulikuwa tumevuna maharagwe, na akaketi na ungo wake ayachambue ya kumpelekea. Nikamzuia. Nikamwambia tutayapeleka jinsi yalivyotoka shambani. Aliona haya mpaka akataka kubaki nyumbani, lakini akaja.

Mama Bauma alifungua kikapu, akaona yaliyovunjika, akaona wadudu na vijiwe. "Hii njo nini?" alisema. "Munatuletea takataka?" Yustina alitazama chini. Papa Bauma alikuwa amekaa mlangoni, amekonda. Aliomba kikapu, akaingiza ule mkono mkubwa mpaka chini kabisa, akautoa, akaangalia kilichokuwa kiganjani. Halafu akatandika mkeka.

Aliyamwaga yote. Akayarundika kichuguu, akakisawazisha kwa kiganja, akachora msalaba kwa kidole. Robo nne. Mbili zinazotazamana akazirudisha kwenye kikapu, akakisukuma kwangu.

"Hii mubebe kwenu," alisema. "Hii tunabaki nayo. Yote iko sawa."

Hatukuzungumza habari ya gunia, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipofariki. Tulirudi, Yustina akayapika yaleyale, hakuyachambua. Nilipotia kijiko cha kwanza mdomoni niling'ata kajiwe, jino likalia mpaka Yustina akasikia, na sikukatema.